Hana, Naomi, Aiko au Sakura? Kumchagulia jina la Kijapani mtoto atakayekua na Kiswahili

Majina ya Kijapani hayatutesi ulimi. Irabu zao ni tano zilezile, a, e, i, o, u, na karibu kila silabi huishia kwa irabu, ndiyo maana hakuna fundi wa gereji aliyewahi kufundishwa kutamka Suzuki au Mitsubishi. Bibi wa Pangani atamwita mjukuu wake Kenji bila kusita, wakati Siobhan au Hugh lingemtoa jasho. Kwa hiyo shida haiko mdomoni. Iko kwenye maana, ambayo wengi huitafuta mahali isipokuwepo, na iko kwenye sikio la Mswahili, ambalo husikia neno la Kiswahili hata pale lisipokusudiwa.

Hapa nalinganisha majina manne ya kike na matatu ya kiume, na mengine nitayagusa njiani. Nawafikiria wazazi wa aina mbili: wale ambao mmoja wao ni Mjapani, na wale wasio na ndugu yeyote Tokyo ila wamependa tu jina, pengine kwa sababu ya katuni au mwanamichezo fulani. Shida zao si zilezile.

Maana iko kwenye herufi, si kwenye sauti

Mjapani akikuambia bintiye anaitwa Yuki, bado hajakuambia jina hilo lina maana gani. Huenda limeandikwa kwa herufi ya theluji, 雪. Huenda ni ya heri, 幸. Huenda ni herufi mbili ambazo kila moja ina habari yake. Ukiivuta ile u ya mwanzo, Yuuki, umeingia kwenye jina jingine kabisa, mara nyingi la mvulana, ambalo linaweza kuandikwa kwa herufi za ujasiri. Kwenye pasipoti, kwa kawaida, yote mawili huandikwa Yuki.

Serikali ya Japani haimwachii mzazi uwanja mzima. Jina lazima liandikwe kwa kanji (zile herufi zinazobeba maana) zilizoruhusiwa, yaani 2,136 za matumizi ya kila siku na 863 zilizoongezwa kwa ajili ya majina, au kwa hiragana na katakana, herufi zinazobeba sauti tu. Ndani ya mipaka hiyo wazazi hujadiliana sana. Wapo wanaohesabu hata mistari ya kalamu katika kila herufi ili jumla yake iwe ya bahati. Usiku wa saba tangu mtoto azaliwe, jina huandikwa kwa wino kwenye karatasi nzuri na kutundikwa ukutani. Shughuli hiyo huitwa oshichiya. Waislamu wa pwani, waliozoea kumfanyia mtoto akika na kumpa jina siku ya saba, wangejiona wako kwao.

Kwa hiyo, ukikuta orodha ya intaneti inayosema jina fulani maana yake ni neno moja, soma hivi: hiyo ni namna mojawapo ya kuliandika. Na kama nyumbani kwenu hakuna Mjapani, ninyi hamjachagua kanji yoyote. Mmechagua sauti. Si dhambi, ila msije mkamwambia mtoto kwa uhakika kwamba jina lake ni ua au mwanga, halafu Mjapani wa kwanza atakayekutana naye amuulize linaandikwaje.

Hana na Naomi

Nayaweka pamoja kwa sababu yote mawili yana mguu mmoja Japani na mwingine kwenye Biblia, na kwa sababu wengi huishia kupima hayo mawili. Kwa nje yanafanana: mafupi, laini, yanapita kila uwanja wa ndege bila maelezo. Kwetu hayafanani hata kidogo.

Hana kwa Kijapani ni ua. Mara nyingi huandikwa 花, herufi ambayo mtoto wa darasa la kwanza huko anaijua, au 華, ambayo ina fahari zaidi, ua la sherehe kuliko la bustani. Ni jina ambalo wasichana wa leo wanapewa, halijazeeka. Kilichozeeka ni Hanako, yaani Hana na kile kiambishi -ko cha mtoto. Yamada Hanako ndiye mtu wa mfano kwenye fomu, yule ambaye jina lake huchapwa ili ujue ujaze wapi, na Hanako mwingine ni jini la msichana ambalo watoto wa shule wanaambiwa linakaa kwenye choo cha tatu. Ukipenda Hana, basi ishia hapohapo.

Sasa njoo kwetu. Mwalimu anaita mahudhurio: Hana hayupo. Hana hana daftari. Hana hana adabu. Si utani wa siku moja. Ni sentensi ambazo zitasemwa kila wiki kwa miaka kumi na miwili ya shule, na watoto hawasamehe. Hata Biblia ya Kiswahili ina mtego huo: Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinasema Penina alikuwa na watoto lakini Hana hakuwa nao. Samweli alizaliwa baadaye, kweli, lakini mstari ule unaposomwa kanisani husikika kama jina limemtabiria mwenyewe. Kuongeza n au h, Hanna, Hannah, hubadilisha cheti tu. Sikio halioni tahajia.

Kwa familia za Kiislamu kuna njia ya kujitetea, kwa sababu Kiarabu kina Hanaa, jina la raha na furaha. Nyumba za Waswahili wa Muscat zinaweza kulibeba vizuri: nje ya nyumba kila mtu atasikia Kiarabu, na utata utabaki jikoni kwa shangazi. Mtoto atakayekulia Nagoya au Toronto naye hana shida nalo. Lakini kwa mtoto wa Morogoro au Mombasa, mimi ningeliweka jina la pili.

Naomi ni kesi nyingine. Wengi hushangaa kuambiwa ni la Kijapani, na wana haki ya kushangaa, kwa kuwa kuna Naomi mbili zisizo na undugu. Ya Kiebrania ina maana ya mtu mwenye kupendeza, na ndiyo ya kitabu cha Ruthu, yule mama mkwe aliyewaambia wanawake wa Bethlehemu wamwite Mara kwa uchungu aliokuwa nao. Ya Kijapani ilijitokeza yenyewe kutokana na silabi za lugha: nao, unyoofu, na mi, uzuri, 直美. Kuna namna nyingine nyingi za kuliandika, ila hiyo ndiyo iliyozoeleka.

Aliyelifanya lisikike duniani kote kwa maana zote mbili kwa pamoja ni Naomi Osaka, mchezaji tenisi aliyezaliwa mjini Osaka mwaka 1997, mama Mjapani na baba kutoka Haiti, akahamia Marekani akiwa na miaka mitatu. Mwaka 2018 alimshinda Serena Williams katika fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani. Hadi 2021 alikuwa na mataji makubwa manne, na mwaka huohuo ndiye aliyewasha mwenge wa Olimpiki mjini Tokyo. Kwa wazazi wa mtoto mchanganyiko, Mwafrika na Mjapani, jina hilo limeshabeba mfano mkubwa kiasi kwamba jirani wa Kijapani hataliona geni hata kidogo.

Kuhusu umaarufu, hapa orodha za mtandaoni hupotosha kwa kusema tu kwamba ni jina maarufu. Maarufu wapi, na lini? Japani, Naomi liliongoza orodha za wasichana mwishoni mwa miaka ya 1960. Leo ukimkuta Naomi mjini Sendai, kuna uwezekano mkubwa ni mama mwenye wajukuu. Marekani ni kinyume: ni jina la watoto, na kwa miaka mingi sasa limekuwa ndani ya 100 bora za wasichana. Kenya na Tanzania limekuwepo muda wote kwa njia ya kanisa, halipandi sana wala halishuki. Kwa hiyo mtoto wenu akipelekwa likizo kwa bibi yake wa Kijapani, wenzake wa mtaani watasikia jina la kizamani kidogo, na bibi atafurahi.

Matamshi pia yanalipa pointi. Wajapani husema Na-o-mi, nasi husema Na-o-mi. Wanaolipotosha ni wasemaji wa Kiingereza, na hao wana yao.

Baina ya mawili haya sioni mashindano. Naomi.

Aiko na Sakura

Hawa wawili hawafichi asili. Ukimwita mtoto Aiko au Sakura, umetangaza Japani, na kila atakayekutana naye atauliza kwa nini. Familia yenye jibu itafurahia kulijibu. Isiyo nalo itachoka mapema.

Aiko kwa kawaida huandikwa 愛子, upendo na mtoto. Linaweza pia kuwa 藍子, ambapo ile ai ni nili, rangi ya buluu nzito ya vitambaa vya kale. Aiko anayejulikana kuliko wote ni binti pekee wa Mfalme Naruhito, aliyezaliwa tarehe 1 Desemba 2001. Jina lake lilichukuliwa kwenye maandiko ya Mencius, mwanafalsafa wa China ya kale, penye fundisho kwamba mwenye kupenda watu, watu nao humpenda siku zote. Ulaya na Marekani wengi walilisikia kwanza kwa mwimbaji wa Los Angeles, Jhené Aiko, ambaye ana damu ya Kijapani upande wa mama.

Ile -ko ina historia ndefu. Zamani ilikuwa ya mabinti wa ukoo bora, kisha ikashuka kwa wananchi, na kufikia katikati ya karne ya 20 ilikuwa vigumu kumkuta msichana asiye nayo. Enzi ya Showa ilipoanza mwaka 1926, wazazi walichukua ile wa, herufi ya amani iliyomo ndani ya Showa, ambayo pia husomeka kazu, wakawaita mabinti zao Kazuko kwa maelfu. Kisha mtindo ukageuka, na leo ni nadra kuikuta -ko kwenye kumi bora. Aiko kwa hiyo linasikika la heshima na la nyuma kidogo, kama ambavyo kwetu msichana wa chuo anayeitwa Mwanahamisi hukufanya umfikirie bibi aliyempa jina.

Kwenye sikio letu, Aiko ni salama kiasi. Wenye Kiswahili cha bara, wanaosema iko kwa kila kitu, watapata sentensi za kuchekesha, Aiko iko wapi, lakini hakuna tusi wala aibu. Afadhali hilo kuliko Yuko. Yuko ni jina zuri la Kijapani ambalo Mswahili hawezi kulitumia bila kuonekana amerukwa: Yuko yuko? Yuko hayuko.

Sakura ni maua ya mti wa cheri, yale yanayofunika miji ya Japani kwa wiki moja au mbili kati ya Machi na Aprili halafu yakapukutika yote. Huandikwa 桜, na wazazi wengi huliandika kwa hiragana, さくら, kwa sababu linapendeza kwa macho. Lilikuwa kileleni mwa orodha mwanzoni mwa miaka ya 2000 na halijatoweka. Vijana wa Nairobi na Dar wanaotazama katuni za Kijapani wanalijua kupitia msichana wa nywele za waridi wa kundi la Naruto, na hapo ndipo ninapositasita. Jina linalotoka kwenye katuni huwa na tarehe ya kuisha. Pia Wajapani wana sakura mwingine wa mtaani: mtu aliyepangwa na muuzaji ajifanye mteja ili wengine wavutike. Kwao halimharibii mtoto jina, lakini ni vizuri kujua.

Nikilazimishwa, Aiko. Sakura ni jina ambalo mtalii angechagua. Kama binti amezaliwa kweli Kyoto mwezi wa Aprili, naondoa pingamizi.

Yaliyobaki ya kike, kwa haraka

Mika ni la msichana Japani, lakini kwenye Biblia ya Kiswahili ni nabii mwenye ndevu, na Wakristo wengi wa kwetu watamtarajia mvulana. Ami litamfanya binti yako aitwe kwa jina la baba mdogo pale Unguja. Sana ni sana. Kumiko halina neno, ila tegemea kuitwa Kumi. Na kama umeambiwa kwamba Kijapani kina neno tamu la herufi nne kwa dubu, linaloanza na k, tafadhali liache huko liliko.

Jina ambalo orodha nyingi hulisahau ni Sara. Kijapani ni 沙羅, jina la mti unaotajwa kwenye masimulizi ya kifo cha Buddha, na mrukaji wa theluji maarufu Sara Takanashi analibeba hivyo. Waislamu wanalo, Wakristo wanalo, na hakuna neno la Kiswahili la kuligonga. Nyumba yenye msikiti upande mmoja na kanisa upande wa pili, na mkwe kutoka Yokohama, haitapata jina litakaloleta ugomvi mdogo zaidi.

Wavulana: Kenji, Kai, Akira

Ukifuata umaarufu wa Japani yenyewe, utaanza na Haruto, matamshi yaliyoongoza orodha ya kila mwaka ya kampuni ya bima ya Meiji Yasuda tangu 2009 kwa zaidi ya miaka kumi mfululizo. Huandikwa kwa namna nyingi, nyingi zikiwa na jua au kupaa angani. Nzuri, lakini watoto wa shule ya msingi hawatahitaji hata muhula mmoja kufika kwenye harufu. Haruki vilevile. Ren, yungiyungi, 蓮, nalo limekuwa juu kwa miaka ya karibuni. Sauti yake ya mwisho ni n tupu, na kwetu wengi wataishia kusema Reni, jambo dogo.

Kenji ndilo linalokaa vizuri zaidi kwenye mtaa wa Kiswahili, kwa kuwa Ken wapo kila kona ya Kenya na hakuna atakayeuliza. Linaweza kuwa 健二, mwenye afya, wa pili, au 賢治, penye busara na utawala. Hiyo -ji ya 健二 ni namba. Ichiro wa kwanza, Jiro wa pili, Saburo wa tatu: ni Mosi, Pili na Tatu wetu, ila kwa Kijapani. Na kama ambavyo Tatu wa leo si lazima awe wa tatu kuzaliwa, Wajapani nao hawashiki kanuni kwa meno; Ichiro Suzuki, mchezaji besiboli aliyetamba Seattle, ana kaka mkubwa. Hata hivyo, kama mwanao ni kifungua mimba na mkwe wako ni Mjapani wa zamani, muulize kabla ya kuweka 二.

Kai ni fupi na linasafiri kuliko yote. Kijapani huandikwa mara nyingi 海, bahari. Kihawaii nacho kina kai yenye maana ya bahari, bila lugha hizo kuazimana. Wajerumani na watu wa Skandinavia wana Kai wao wasiohusiana. Marekani limeingia 100 bora za wavulana. Wazazi wa pwani watalipenda kwa maana, lakini ukweli ni kwamba limeshakuwa jina la dunia nzima, na anayetaka mtoto abebe Japani hasa hatasikika akiibeba.

Akira ni la uzito mwingine. 明, mwangavu, herufi iliyojengwa kwa jua na mwezi vikiwa bega kwa bega. Ndilo jina la Akira Kurosawa, mtengenezaji filamu aliyeishi kuanzia 1910 hadi 1998, na la Akira Toriyama, mchora katuni aliyefariki mwaka 2024. Mtu mzima analivaa vizuri, na mwanamke pia anaweza kuitwa hivyo. Kwetu lina jirani mwema: akili. Wale ambao r na l kwao ni ndugu watasema Akila, na Mjapani hatasikia kosa lolote, kwani lugha yake haizitofautishi. Katika haya matatu ningemchukua Akira, na Kenji kama nataka mtoto asiulizwe maswali.

Kabla ya kwenda kwa karani

Mtoto wa Mjapani aliyezaliwa nje ya Japani anatakiwa kuandikishwa ubalozini ndani ya miezi mitatu, na kama amepata pia uraia wa nchi nyingine kwa kuzaliwa, fomu ile ina sehemu ya kutamka kwamba uraia wa Japani unahifadhiwa. Ikipita miezi hiyo, anaweza kuupoteza. Daftari la familia la Japani, koseki, lina ukoo na jina moja tu; halina nafasi ya jina la kati. Ukitaka mtoto awe Akira Rehema Mwinyi kwa bibi wa pande zote, huko Akira na Rehema vitaunganishwa kuwa jina moja refu au kimoja kitaachwa. Rehema yenyewe itaandikwa kwa katakana, レヘマ, na itasomeka sawasawa.

Tangu tarehe 26 Mei 2025 daftari hilo linarekodi pia matamshi ya jina, si herufi pekee, kwa hiyo kanji ya kawaida yenye usomaji wa ajabu itaulizwa maswali. Maofisa wa huko wamekuwa na hadhari tangu mwaka 1993, mzazi mmoja wa Akishima, Tokyo, alipotaka kumwandikisha mwanawe kama Akuma, yaani shetani, na habari ikaenea nchi nzima.

Upande wetu tatizo ni tahajia. Pasipoti ya Japani itafuata mfumo wake: Kenji, Aiko, Akira. Cheti cha kuzaliwa cha huku kinaweza kurudi na Kengi, Aicko au Akirah, na mtoto akifika miaka kumi na nane anakuwa watu wawili kwenye kompyuta za uhamiaji. Mwandikie karani jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, umpe mkononi, na usiondoke dirishani kabla hujasoma alichochapa.